Aliyezaliwa na Aliyetolewa

Theuri alitaka tarehe.

"Daktari, nipe tu siku," alisema, amekaa ukingoni mwa kiti kana kwamba angefukuzwa wakati wowote. "Mimi ni fundi wa mageti pale Giakanja. Nikijua ni lini, nafunga kazi, namleta, mnafanya operesheni, tunarudi nyumbani. Hii mambo ya kungoja ndiyo sitaki."

Daktari Kinuthia alipangusa mashine ya skani. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani, na macho yake yalikuwa kwa Murugi, mke wa Theuri, aliyelala kitandani tumbo likiwa bado linang'aa mafuta ya skani. Mapacha walikuwa wametimiza miezi minane. Wa kwanza alikuwa ameelekeza kichwa chini. Wa pili, juu yake, alikuwa vivyo hivyo, angalau kwa siku ile.

"Mama Mugo, wewe unataka nini?"

Murugi alivuta gauni akajifunika. "Nataka kujaribu kuzaa."

"Si ulijaribu kwa Mugo?" Theuri alidakia, akimtaja mtoto wao wa kwanza. "Tukaona vile iliisha."

"Mugo alikaa matako mbele," daktari alisema. "Huyu wa kwanza sasa amekaa vizuri. Kovu ni moja, na mkato ulikuwa wa chini. Naweza kumpangia upasuaji, na hakuna mtu atamlaumu. Anaweza pia kujaribu, lakini ni hapa hapa, thieta ikiwa karibu na sisi tukiwa karibu. Kovu linaweza kuachilia, lipasuke uchungu ukiendelea. Haitokei mara nyingi, lakini likiachilia hakuna wakati wa kutafuta gari. Na huyu wa pili, mwenzake akitoka, anapata nafasi ya kugeuka. Hiyo pia mjue."

"Umesikia?" Theuri alimgeukia mkewe. "Linaweza kuachilia."

"Nimesikia yote, Baba Mugo."

Daktari alivaa miwani yake. "Nikuulize kitu, na usikasirike. Hii nia ni yako, ama kuna mtu nyumbani unataka kumnyamazisha?"

Murugi alitazama dari. Alifikiria kudanganya, akaona hana nguvu za kudanganya akiwa amelala chali.

"Ni yote mawili," alisema.

Nje, kwenye benchi la kungojea, kulikuwa na mwanamke wa Majengo aliyeitwa Hanan, ambaye walikuwa wakikutana naye kila kliniki. Naye alikuwa na mapacha, na makovu mawili. Alikuwa anakula ndizi kwa utulivu mkubwa.

"Mimi nimeshapewa siku yangu," Hanan alisema. "Makovu mawili na watoto wawili, daktari aliniambia hatari ni kubwa. Nikamwambia sawa. Bwana yangu Yasin alitaka kulia, mimi nikamwambia twende tukanunue nepi."

"Na hawakusemi kwenu?"

"Wananisema. Lakini hakuna mmoja wao atanishikia tumbo nikikohoa." Alifunga ganda la ndizi ndani ya karatasi. "Wewe umechagua nini?"

"Kujaribu."

"Basi jaribu. Lakini ukiambiwa imekataa, usibishane."

Murugi alicheka, Theuri hakucheka. Alikuwa amesimama kando akisugua kofia yake kwa vidole, na walipokuwa wakitoka getini aliuliza tena, kwa sauti ya chini, kama wasingeweza kurudi tu wakachukue ile siku.

*

Mtu wa kunyamazishwa alikuwa Wakiuru, mama yake Theuri. Nyumba yake na ya mwanawe zilitazamana katika ua mmoja, na jambo lililosemwa upande mmoja lilisikika upande wa pili. Alikuwa amezaa watoto saba nyumbani, wa mwisho alimzaa siku ile ile aliyotoka kuchuma chai. Hakuwa mtu mbaya. Mugo alikula kwake kuliko kwao. Ila siku kikundi cha akina mama wa kanisa kilipokutana kwake, Murugi akiwa jikoni nyuma ya ukuta wa mbao, alimsikia akisema, "Huyo wetu hakuzaa. Alitolewa mtoto." Wanawake walicheka, kicheko chepesi kisicho na ubaya, na Murugi akaendelea kumenya viazi mpaka akamenya hata kidole chake.

Kilichomuuma ni kwamba hata yeye aliwahi kufikiri hivyo. Siku ile ya Mugo alikuwa amelazwa usingizi wa dawa. Aliamka, wakamwekea mtoto kifuani wakamwambia huyu ni wako, na kwa siku kadhaa alikuwa akimtazama Mugo kama mtu aliyeachiwa mzigo wa jirani.

Jioni waliyorudi kutoka kliniki, Wakiuru aliwangojea mlangoni.

"Wamesema nini?"

"Anaweza kujaribu," Theuri alisema. "Mimi sitaki."

"Wewe ndiye unazaa?" Wakiuru alimpita akamshika Murugi mkono. "Mama Mugo, sikia. Kuna mama mmoja huko Kiriaini. Anapaka mafuta, anakugusa hivi, hivi, mtoto anajipanga. Amezalisha mapacha mpaka amesahau hesabu. Kesho tunaenda, mimi na wewe. Hakuna kisu huko."

"Na hakuna damu ya kuongezwa huko pia, Maitu. Nikianza kuvuja ataniongeza mafuta?"

"Ai! Si nimesikia unataka kuzaa kama mwanamke?"

"Nataka kuzaa hospitalini. Yule wa Kiriaini sitaki."

Wakiuru aliuachia mkono. "Basi mnakataa pande zote mbili. Mmoja anataka kisu, mmoja anataka kujaribu mbele ya kisu. Mara ile ya Mugo tuliuza ndama kulipa hospitali, na mtu akalala miezi miwili tukimwosha kama mtoto."

Murugi aliingia ndani. Alikumbuka kuoshwa kule kuliko alivyokumbuka maumivu: mikono ya mama mkwe ikimgeuza, maji ya uvuguvugu, na yeye akisema asante kila mara, asante, asante, mpaka neno likaisha utamu.

Kuanzia hapo nyumba haikutulia. Theuri alichomelea geti moja la kanisa, akalibomoa, akalichomelea tena. Alikuwa akikatiza kazi kupiga simu: umekula, umekaa, wanacheza? Wakati mwingine alikuja mwenyewe, uso mweusi kwa moshi, akasimama mlangoni mwa saluni ndogo ya Murugi pale sokoni akamtazama tu mkewe akisuka, halafu akaondoka. Wateja walicheka.

"Huyu bwana wako anakuhesabu kama kuku," mmoja alisema.

"Anaogopa," Murugi alisema.

"Na wewe?"

Murugi alivuta nywele kwa nguvu mpaka mteja akalia ai. Usiku alilala ubavu wa kushoto, akageuka, akaketi, akalala tena. Watoto walimpiga teke mmoja baada ya mwingine kama watu wanaogombania blanketi. Kuna asubuhi aliamka amekata shauri kuomba tarehe kama mumewe anavyotaka. Kufikia saa nne, amekwisha kubadilika.

*

Maji ya uzazi yalivunjika mchana, mvua ikinyesha, kichwa cha mteja kikiwa kimesukwa nusu.

"Mama Mugo, unamwaga nini?" mteja aliuliza, kisha akaona. Alikuwa mwalimu wa shule ya karibu, mwanamke mwenye heshima zake, na alikimbia akakatiza soko kumwita Theuri nusu ya kichwa ikiwa misuko na nusu imesimama wima. Baadaye watu walikumbuka kichwa hicho kuliko kitu kingine.

Theuri aliazima gari la mwenye duka la dawa za mifugo. Njiani hakusema neno ila moja, wiper zikipiga: "Vumilia." Walipofika hospitali kubwa ya mjini, Daktari Kinuthia alikuwa katika upasuaji mwingine. Aliyewapokea ni daktari kijana mwenye sauti ya haraka.

"Kovu, mapacha, maji yamevunjika," alisema, akisema na Theuri kwa kupitia juu ya tumbo la Murugi. "Tunampeleka thieta tu."

"Hiyo ndiyo nimekuwa nikisema," Theuri alisema. "Mpelekeni. Nitaweka sahihi wapi?"

"Mama amekula saa ngapi?"

"Asubuhi. Uji na..."

"Niulizeni mimi."

Wote wawili walitazama chini. Murugi alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, uchungu ukipita. Aliungoja uishe.

"Mdomo ni wangu na tumbo ni langu," alisema. "Nilikula saa mbili. Daktari Kinuthia alisema naweza kujaribu, watoto wakiwa sawa. Wako sawa?"

Daktari kijana aliona haya kidogo. Aliweka mashine, akasikiliza moyo mmoja, akatafuta wa pili, akaupata. "Wako sawa."

"Basi mpigieni, ama mngojeni atoke. Kama wao wakibadilika, nitaenda bila mtu kunisukuma."

Theuri alitoka nje. Alisimama kwenye baraza, viatu vimejaa matope ya Giakanja, na simu yake ikaanza kulia. Ni mama yake.

"Amezaa ama wamemkata?"

"Bado, Maitu."

"Bado nini? Amezaa bado, ama kumkata bado?"

Alizima simu. Alipoiwasha tena ikalia tena.

*

Daktari Kinuthia alifika, akapima, akasema mlango wa uzazi unafunguka vizuri, waendelee. Nesi aliyeitwa Magdaline alikaa karibu na mashine bila kutoka, na kila uchungu ulipopita alimwuliza Murugi swali lile lile: kati ya uchungu na uchungu, kovu linauma? Murugi alisema hapana. Mara moja tu alisema sijui, na watu watatu wakasimama pamoja, mpaka aliposema ni mgongo tu.

Jua lilikuwa linatoka baada ya mvua wakati mtoto wa kwanza alipozaliwa. Ni msichana. Alitoka kwa kelele, yeye na mama yake, na Murugi alimwona kwa macho yake akitoka, mweusi-mwekundu, kichwa kimerefuka kama yai.

"Ni mimi nimemtoa," Murugi alisema. Alisema tena, kwa Gikuyu, bila kumwambia mtu yeyote. Walimwekea kifuani kwa muda mfupi tu. Kumbe daktari alikuwa bado ameshika tumbo kwa viganja viwili, akisukuma pande zote mbili kama mtu anayezuia gunia lisianguke.

"Mchukue huyo," alimwambia Magdaline. Na kwa Murugi: "Huyu wa pili amelala mlalo. Najaribu kumgeuza. Itauma."

Iliuma. Mtoto alizunguka kidogo akarudi pale pale. Daktari akajaribu tena. Mlio wa mashine, ambao tangu wafike ulikuwa ukienda mbio kama cherehani, ulianza kuchelewa. Ulichelewa, ukarudi, ukachelewa zaidi.

"Mama Mugo, amekataa. Moyo wake unashuka. Lazima..."

"Twendeni," Murugi alisema. "Mbona mnasimama?"

Theuri aliona mlango ukifunguka na kitanda kikitoka mbio. Alikuwa ameomba upasuaji kwa wiki kadhaa, akauomba kwa daktari, kwa mkewe na kwa Mungu. Sasa ulipopita mbele yake ukikimbia, alikaa sakafuni. Mtu alikuwa amemwachia pati pati alizovua Murugi miguuni. Alizishika kifuani, zote mbili, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.

Ndani, Murugi alidungwa sindano ya mgongo. Hakulala. Alihisi wakimvuta na kumsukuma bila maumivu, kama mtu anayetafutwa mifukoni. Kisha wakaacha kuvuta. Aliona macho ya Magdaline juu ya barakoa, na macho hayo hayakumtazama.

"Analia?" Murugi aliuliza. "Mbona halii?"

Alisikia mtu akisugua kitu kwa taulo, haraka haraka. Alisikia mtu akisema, haya, njoo, njoo mami. Halafu kikaja kilio chembamba, cha kusitasita, kama cha mtu anayeuliza kama ni hapa.

Naye alikuwa msichana.

*

Watoto, kwa kuwa walikuwa wadogo, waliwekwa chumba chao cha joto, na jamaa hawakuruhusiwa kuingia. Murugi alikuwa na mshono juu na mshono chini. Hakuweza kukaa wala kulala. Kwenye kitanda cha pili alikuwa Hanan, aliyepasuliwa kwa siku yake aliyopangiwa, na ambaye tayari alikuwa akitembea ameinama, mkono tumboni, akienda kuwanyonyesha wanawe.

"Wewe umepata zote mbili," Hanan alisema.

"Nilitaka moja."

Theuri alikuja na kukaa kando ya kitanda. Alikuwa amefikiria maneno mazuri njia nzima, lakini yalipotoka yalikuwa mengine. "Ungeenda thieta tangu mwanzo, ungekuwa na kidonda moja. Mtoto nusura afe, Murugi."

"Ndiyo," alisema. "Angeweza kufa."

Theuri alitarajia abishane. Hakubishana, naye akakosa pa kuiweka hasira yake. Akaanza kumkanda miguu, na baada ya muda akasema, akiitazama miguu, "Lakini yule wa kwanza... ulikuwa unasema kwa sauti ni wewe umemtoa. Nilisikia kutoka nje."

Wakiuru alifika na chupa ya uji na wanawake wawili wa kanisa. Alimshika Murugi uso, akamshukuru Mungu, akamnywesha uji kwa mkono wake. Kisha akawageukia wenzake na kueleza, kwa furaha ya kweli, wodi nzima ikisikia: "Mmoja alizaliwa, mmoja alitolewa. Huyo wa kwanza ndiye mimi, atakuwa Wakiuru. Alikuja mwenyewe, hakungoja kuvutwa. Huyo mwingine ndiye wa kina Watiri, upande wa mama."

Desturi ilikuwa hivyo: msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama. Hakuna aliyeibishia. Lakini walipoondoka Hanan aligeuza kichwa juu ya mto.

"Umesikia? Sasa wameanza na watoto."

Murugi alikuwa amesikia. Alilala akitazama ukuta. Aliona mambo yote yanavyokuja: mmoja akianguka, huyo ndiye alitolewa, mmoja akishindwa darasani, huyo ndiye alivutwa. Mmoja akiinuliwa kwanza kila asubuhi.

Theuri aliporudi alimwambia, "Usimwambie mtu ni gani alikuja kwanza."

"Hata mama?"

"Hasa mama."

"Nitamdanganyaje mama yangu?"

"Sijasema umdanganye. Nimesema usimwambie."

Theuri hakuahidi. Alisema ataona.

*

Walipotoka hospitalini, nesi alikata vitepe vya mikononi vilivyoandikwa nani wa kwanza, nani wa pili, na vichwa vyote viwili vilikuwa vimeshakuwa mviringo. Wasichana walifanana kama maharagwe ya ganda moja. Tofauti ilikuwa doa dogo jekundu kwenye kisogo cha yule aliyetangulia, chini ya nywele, nalo lilijulikana na Murugi na Theuri tu.

Jumamosi ua ulijaa. Wanawake wa kanisa walikuja na unga, sukari, mikungu ya ndizi na shuka za watoto. Mwalimu alikuja, kichwa chake kimesukwa chote. Walipokwisha kuomba, chai ikiwa bado inanywewa, Wakiuru alijipangusa mikono kwa leso, akaketi katikati.

"Haya. Nipeni jina langu," alisema. "Ni gani alikuja mwenyewe?"

Murugi alikuwa na mtoto kila mkono. "Wote walikuja, Maitu."

Watu walicheka. Wakiuru naye alicheka, lakini hakuacha. "Si mchezo. Ni gani?"

"Mimi nilikuwa na uchungu. Sikuangalia sura."

"Haiya! Theuri, wewe si uliwaona? Sema."

Theuri alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Macho yote yalimgeukia. Mama yake alikuwa akimtazama kama alivyomtazama akiwa mdogo, wakati alikuwa hawezi kumficha hata sarafu. Murugi hakumwangalia, alikuwa akirekebisha shuka ambayo haikuhitaji kurekebishwa.

"Mimi nilikuwa nje," Theuri alisema. "Nilipewa watoto wawili. Sijui."

Murugi aliinuka polepole, akivuta pumzi kwa sababu ya mshono, akaenda akawaweka wote wawili kwenye mapaja ya mama mkwe.

"Wewe umezaa saba," alisema. "Chagua mwenyewe. Yule utamwinua, huyo ndiye Wakiuru."

Wakiuru aliichukua kazi hiyo kwa uzito. Alipapasa vichwa, akakunja uso kwa kukosa kilichorefuka. Alivuta vidole vya miguu. Aliwanusa shingoni mmoja mmoja. Wanawake walisogea, wengine wakipendekeza huyu, wengine yule. Mwishowe mtoto mmoja alifungua macho akamkazia, bila kulia, na Wakiuru akamwinua juu.

"Ni huyu!" alisema. "Mnaona? Mtoto aliyezaliwa anajulikana. Macho yake hayana usingizi wa dawa."

Wanawake wakapiga vigelegele vitatu, vya kumpokea mtoto wa kike, ingawa siku yake ya kuzaliwa ilikuwa imepita. Theuri aliinamisha kichwa, akaanza kukusanya vikombe ambavyo watu hawajamaliza. Kisogo cha mtoto aliyeinuliwa kilikuwa safi. Hakikuwa na doa.

"Wakiuru," Wakiuru alimwita. "Wakiuru wangu. Uliniona nikikungoja?" Akaanza kumwimbia kwa sauti ya chini wimbo wa kulaza watoto, akisahau watu wote waliokuwa pale.

Murugi alitaka kucheka. Mshono ulimzuia, na pia kitu kingine, alipoona jinsi mikono ile migumu ilivyomshika mtoto. Yule mwenzake aliyebaki mapajani alianza kulia kwa kuachwa. Murugi aliinama taratibu akamchukua.

"Njoo, Watiri," alisema, na kumfunika kisogo.